Little Richard: wimbo ulizunguka dunia, makuta ikaenda kwa wengine

Santuri mia mbili zikiuzwa, mwimbaji anapata dola moja. Hiyo njo ilikuwa kontra ya Little Richard mu mwaka wa 1955: nusu senti kwa kila santuri. Na haki za utunzi wa «Tutti Frutti», wimbo uliomtoa gizani, ziliuzishwa dola 50 tu. Ili kuelewa ginsi nyota wa rokenrol alifikia hapo, lazima kurudi nyuma kidogo.

Jina lake la kuzaliwa ni Richard Wayne Penniman. Alizaliwa tarehe 5 Desemba 1932 kule Macon, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, mu jamaa ya watoto 12. Baba yake alikuwa shemasi wa kanisa, lakini aliuzisha pia pombe ya magendo na alikuwa na kilabu cha usiku. Mtoto akakomaa kati ya kwaya na baa, na vyote viwili havikumwacha maisha yake yote. Mwaka wa 1952 baba akauawa kwa risasi nje ya kilabu chake. Richard, akiwa na miaka 19, akaanza kuosha masahani kwenye kituo cha mabasi ili jamaa ipate chakula.

Mu Septemba 1955, kampuni ya Specialty ya Los Angeles ikamwita studio kule New Orleans. Kazi haikuendelea vizuri, sauti ilikuwa baridi. Saa ya kula wakaenda fasi moja inaitwa Dew Drop Inn. Richard akaona piano, akakaa, akaanza kupiga kwa nguvu wimbo wa baa wenye maneno ya haya. Bumps Blackwell, aliyesimamia kazi, akasikia: kumbe njo hii! Wakamwita mtunzi Dorothy LaBostrie asafishe maneno, wakarudi studio na kurekodi mbio mbio.

Wakati ule, redio nyingi za wazungu hazikutaka kupitisha sauti ya mtu mweusi. Pat Boone, mwimbaji mzungu mwenye sauti ya upole, akarudilia wimbo huo. Wake ukafika nafasi ya 12 kwenye orodha ya nyimbo za Marekani. Ule wa Richard, mwenye wimbo, ukaishia ya 17. Kwa «Long Tall Sally», Richard akaongeza mbio makusudi ili Boone ashindwe kumfuata. Boone akauimba hata hivyo, lakini mara hii alibaki nyuma.

Hapa kuko jambo ambalo wanamuziki wengi wanasahau. Wimbo mmoja uko na haki mbili: haki ya sauti iliyorekodiwa, na haki ya utunzi. Mtu mwingine akiimba wimbo wako, unalipwa kwa sababu ya utunzi. Lakini kama utunzi uliuzishwa, hata watu mia wauimbe, makuta inaenda kwa mwenye karatasi. Kijana wa kuosha masahani akiona dola 50 mezani, nani atamwambia angoje?

Mu Oktoba 1957, akiwa safarini Australia, akaacha yote ghafula: alisema Mungu amemwita. Akaenda kusoma Biblia kwenye chuo cha Waadventista cha Oakwood, kule Huntsville, Alabama. Mwaka wa 1962 akarudia rokenrol huko Uingereza, ambapo vijana wanne wa Beatles, bado hawajulikane sana, walimtangulia jukwaani. Paul McCartney alijifunza kwake ule mlio wa sauti ya juu. Jimi Hendrix naye alimpigia gitaa kabla ya kuwa Hendrix tunayemjua.

Mwaka wa 1984 akapeleka mashitaka, akidai dola milioni 112 za haki zake. Mambo yakaishia kwa mapatano, nje ya tribinali. Mu 1988, kwenye sherehe ya zawadi za Grammy, aliitwa kutangaza mshindi mwingine. Akajitangaza yeye mwenyewe, watu wakacheka, wakasimama kumpigia makofi. Hakuwa anachekesha tu: hakuna wimbo wake hata mmoja ulioshinda Grammy. Ile ya heshima ya maisha yote alipewa mwaka wa 1993.

Alikufa kwa kansa ya mifupa tarehe 9 Mei 2020, kule Tennessee, akiwa na miaka 87. Alizikwa Huntsville, palepale Oakwood.