Burundi: Mapinduzi Yalishindwa, Hasara Ikabaki

Wanajeshi waliomuua Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, Oktoba 21, 1993, hawakudumu. Jaribio lao la mapinduzi lilishindwa katika siku chache. Lakini mauaji kati ya Wahutu na Watutsi yaliyofuata yaliwakimbiza mamia ya maelfu kwenda Rwanda, Tanzania na Zaire, na vita vikaendelea kwa miaka.

Kahawa, iliyoiingizia nchi sehemu kubwa ya fedha za kigeni, hulimwa na wakulima wadogo. Mkulima akikimbia, mibuni hukosa mchumaji.

Pierre Buyoya alipotwaa madaraka Julai 1996, nchi jirani ziliweka vikwazo vya biashara hadi Januari 1999. Hivyo, kwa mfanyabiashara, hesabu haikufungwa wanajeshi waliporudi kambini.