Data ya Simu Isifunguliwe Bila Hakimu

Laini ya simu inayosajiliwa Sanya Juu, kama kwingineko nchini Tanzania, kwa kawaida hufungamanishwa na alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ya mwenyewe. Usajili huo peke yake si tatizo. Suala ni nani anaweza kufungua taarifa zinazotokana na matumizi ya laini hiyo, na kwa idhini ya nani. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kumwamuru yeyote mwenye data zinazohitajika katika upelelezi azitoe, bila kupitia kwa hakimu. Hivyo anayechunguza ndiye anayejipa ruhusa, ilhali Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi.

Watetezi wa kifungu hicho wana hoja: tapeli huhamisha fedha kwa dakika chache, na mahakama haina kasi hiyo. Lakini dharura inaweza kuwekewa utaratibu wake: amri itolewe, kisha hakimu aikague ndani ya muda maalumu. Kenya, kwa sheria yake ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, humtaka polisi aombe amri ya mahakama ili apewe data kama hizo. Wengine husema asiye na kosa hana cha kuficha. Mgonjwa na daktari wake, au mwanahabari na mtoa habari wake, hawana kosa, ila wana siri halali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imesaidia, lakini haijaondoa mamlaka hayo ya polisi. Bunge ndilo lenye uwezo wa kukirekebisha kifungu hicho.