Fedha za Zahanati Yetu Zinalindwa na Nani?

Mwezi huu hatuzungumzii ugonjwa bali fedha. Msishangae. Mama akifika kujifungua akaambiwa glovu hakuna, au mtoto mwenye malaria akaandikiwa dawa ya kununua dukani, mara nyingi tatizo limeanzia kwenye hesabu kabla ya kuonekana kwenye kabati la dawa.

Zamani fedha za kuendeshea zahanati na vituo vya afya vya Serikali zilikaa halmashauri, pamoja na zile za Mfuko wa Pamoja wa Afya ulioanzishwa na Serikali na wafadhili mwaka 1999. Mganga wa zahanati aliyetaka sabuni au kitasa cha mlango alipeleka maombi wilayani, akangoja. Pengine alijibiwa, pengine alipewa kitu ambacho hakukiomba.

Katika mwaka wa fedha 2017/18 utaratibu ulibadilika. Fedha za mfuko huo zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo, hata zahanati ya kijijini. Kituo chenyewe ndicho kinachopanga mahitaji yake ya mwaka na kuandika hesabu zake. Dawa huagizwa kwanza Bohari ya Dawa. Zikikosekana huko, kituo huweza kununua kwa mshitiri aliyechaguliwa na mkoa, utaratibu ulioanza Dodoma mwaka 2014.

Faida yake ni kubwa: anayeona upungufu ndiye anayeamua. Lakini upo mzigo. Sisi wa hospitali za misheni tumezoea kujitunzia hesabu, na tunajua kazi yake. Zahanati nyingi hazina mhasibu. Muuguzi yule yule anayepima watoto kliniki ndiye anayeandika mapato na matumizi jioni. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha zikikaa karibu nasi, na mlango wa kuzipoteza nao uko karibu.

Mlinzi wa mlango huo ni Kamati ya Usimamizi ya kituo. Humo wamo wananchi waliochaguliwa na wenzao. Kamati hupitia mpango wa mwaka, hufuatilia matumizi na kupokea malalamiko. Ikilala, mganga hubaki peke yake na fedha za watu wote, jambo ambalo si zuri hata kwake, maana mtu mwaminifu naye huhitaji shahidi.

Basi sisi wa Manyamanyama na vijiji vya jirani tufanye nini?

1. Tuwajue wajumbe wa kamati ya kituo chetu. Siku ya uchaguzi tuchague mtu anayejua kuuliza, si yule anayependa posho tu.

2. Kwenye mkutano wa kijiji au mtaa tuombe kusomewa mapato na matumizi ya kituo. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo mweka hazina husoma hesabu mbele ya wote, wala hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Na kituoni iwe hivyo hivyo.

3. Ukilipa, dai stakabadhi. Fedha isiyoandikwa haiwezi kununua dawa.

4. Tujue haki zetu. Kwa sera ya Serikali, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo husamehewa malipo katika vituo vya Serikali. Ukitozwa, uliza kwa upole, kisha peleka habari kwa kamati.

5. Dawa zikiisha, tusianze kwa kumgombeza muuguzi wa zamu. Tuulize: ziliagizwa lini? Fedha zilikuwepo? Kamati ilijua?

Maswali hayo matatu, yakiulizwa kila mara na watu wengi, huweza kujaza kabati kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.