Farasi wa Jeshi Anapouzwa, Aende kwa Nani?

Mwanajeshi anapostaafu hupewa barua, pensheni na, akijaliwa, shamba la kurudia. Farasi aliyembeba mwanajeshi huyo hana barua wala pensheni. Siku zake zilizosalia humtegemea yule ofisa anayetia sahihi hati ya kumwuza. Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili mbele ya ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi. Ni kweli kwamba katika nchi zetu farasi wa kazi ya dola ni haba, lakini Afrika haijaachana nao: wapo Senegal, wapo Nigeria, na huko Lesotho polisi wa kupanda farasi wamebaki hata katika jina rasmi la jeshi lao. Zaidi ya hayo, mengi tutakayoyasema yanamhusu vilevile mbwa wa polisi aliyezeeka, na punda wa kubeba mizigo.

Historia ina funzo moja kubwa kuhusu suala hili, nalo lilitokea katika bara letu, mjini Cairo. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka 1918, majeshi ya Uingereza na ya makoloni yake yalikuwa na maelfu ya farasi katika Misri na Palestina. Kuwarudisha kwao kulikuwa gharama, meli zilikuwa chache, na wakubwa waliogopa kuingiza maradhi katika nchi zao. Australia peke yake ilikuwa imepeleka ng'ambo farasi zaidi ya 100,000. Aliyerudi nyumbani alikuwa mmoja tu, jina lake Sandy, farasi wa Jenerali Bridges aliyekufa kwa majeraha ya Gallipoli mwaka 1915. Wengine walihamishiwa vikosi vingine, wazee na wagonjwa wakapigwa risasi, na maelfu wakauzwa sokoni Misri kwa yeyote mwenye fedha mkononi.

Mwaka 1930 aliwasili Cairo Bibi Dorothy Brooke, mke wa kamanda wa brigedi ya farasi ya Waingereza iliyokuwa huko. Aliwakuta farasi wale wale, miaka kumi na zaidi baada ya vita, wakivuta mikokoteni ya mawe, wengine vipofu, wengine vilema, mbavu zikihesabika, na alama ya jeshi, ule mshale mpana, ingali imechomwa katika ngozi zao. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post la London kuomba msaada, na wasomaji wakaleta fedha. Kwa muda wa miaka mitatu aliwanunua farasi wapatao 5,000. Wengi wao hawakuwa tena wa kutibiwa. Alichoweza kuwapa ni siku chache za kulala juu ya majani makavu, chakula cha kutosha, kisha kifo kisicho na maumivu. Mwaka 1934 alifungua hospitali mjini Cairo ya kuwatibu bure farasi na punda wa maskini, na shirika lililozaliwa hapo linafanya kazi hadi leo, pamoja na kuwahudumia punda wa Kenya.

Tungependa msomaji aangalie jambo moja katika kisa hiki. Watu walionunua farasi wale hawakuwa makatili. Walikuwa wachukuzi na wavunja mawe, ambao wenyewe walikula kwa shida, na Bibi Brooke aliwalipa bei ya mnyama ili wasikose riziki. Kosa lilikuwa la muuzaji. Jeshi liliwatupa wanyama wake sokoni bila kuuliza wanakwenda kufanya kazi gani, wala nani atawalisha. Mtu asiyeweza kujilisha mwenyewe hawezi kumlisha farasi, hata akiwa na huruma kama ya malaika.

Basi nyumba njema ya farasi ni ipi? Watu wengi hudhani ni banda kubwa lenye bati jipya. Sisi tunasema swali la kwanza ni la tumbo. Farasi mwenye uzito wa kilo 500 huhitaji kila siku majani makavu ya kilo 8 hadi 10, au malisho ya kutosha kuchukua nafasi yake, na maji safi ya lita 30 hata 50, na zaidi kukiwa na joto. Tumbo lake limeumbwa kula kidogo kidogo mchana kutwa na usiku. Akishindishwa njaa na baadaye kujazwa mahindi au pumba kwa pupa, hupatwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumwua kabla daktari wa mifugo hajafika. Mnunuzi aulizwe: kiangazi kikikaza, majani utayatoa wapi? Anayejibu kwa haraka kwamba Mungu atajalia bado hajawa tayari kufuga farasi.

Swali la pili ni la kwato na meno. Kwato hukua kama kucha, na hutakiwa kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane na mtu anayejua kazi hiyo, hata kama farasi hapandwi tena. Meno yake nayo huchongoka pembeni na kumkata mashavu, hivyo yakaguliwe walau mara moja kwa mwaka. Katika nchi yenye wahunzi wachache wa kwato, kama zilivyo nchi zetu, mnunuzi aliye umbali wa siku mbili kutoka kwa fundi huyo ni mnunuzi wa mashaka, hata akiwa tajiri.

Tena farasi ni mnyama wa kundi. Aliyekuwa akilala katika safu ya wenzake ishirini, akifungiwa peke yake nyuma ya nyumba, huanza kuzunguka banda, kutafuna mbao na kukonda bila ugonjwa. Si lazima mwenzake awe farasi; punda hutosha, hata mbuzi kwa dharura. Ua uwe wa mbao au waya laini, maana seng'enge yenye miba huchana miguu ya farasi aliyeshtuka. Kivuli na mahali pa kukimbilia mvua ni vya lazima, ila banda la kifahari si lazima hata kidogo.

Kwetu sisi kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo ni mahali penyewe. Mwaka 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, walikimbilia Kondoa Irangi katika vita dhidi ya Wajerumani, na farasi wao wakafa kwa maelfu katika kampeni ile. Risasi zilichangia sehemu ndogo tu ya maangamizi hayo. Kazi kubwa ilifanywa na mbung'o waletao nagana, na na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi. Hali hiyo haijabadilika sana. Farasi aliyezoea nyanda za juu zenye baridi asiuzwe kwa mtu wa bondeni penye vichaka vya mbung'o, hata akitoa bei maradufu. Penye usubi aingizwe bandani kabla jua halijazama, na chanjo yake isipitwe na wakati.

Kuhusu bei tuna maoni ambayo huenda yakawaudhi wahasibu. Kumnadi farasi mzee kwa anayetoa zaidi ni kufunga macho kwa makusudi, na kumtoa kwa bei ya kutupa ni kumwita mchuuzi wa nyama na ngozi. Biashara ya ngozi za punda imetuonyesha jinsi mnyama wa kazi anavyoweza kutoweka usiku mmoja, hata wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaamua mwezi Februari 2024 kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Heri kikosi kimtoe farasi kwa mkataba, kwa bei ya wastani au kwa mkopo, na mkataba uandike wazi kwamba hatauzwa tena bila idhini, kwamba mlezi akishindwa atamrudisha, na kwamba ofisa atamtembelea.

Muuzaji naye aseme kweli. Farasi anayepiga teke akiguswa mkia, au anayeogopa bunduki, au aliyewahi kuumia goti, atajwe hivyo hivyo mbele ya mnunuzi. Ukificha dosari ili apate nyumba haraka, ataondolewa nyumba hiyo haraka vilevile, pengine baada ya kumvunja mtoto wa watu mguu.

Mfano mzuri upo London. Tarehe 20 Julai 1982 bomu lililotegwa katika Hyde Park liliwaua askari wanne wa kikosi cha farasi cha malkia na farasi saba. Farasi aitwaye Sefton alipata majeraha 34, akapona, akarudi kazini, akastaafu mwaka 1984. Hakunadiwa. Alipelekwa katika makao maalumu ya farasi wazee, akaishi huko hadi mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 30. Hesabu hiyo iangaliwe vema: farasi anayeondoka kazini akiwa na miaka 18 huenda akahitaji kulishwa miaka kumi au zaidi. Ikiwa hakuna mlezi wa kuaminika kwa muda huo, na mnyama ana maumivu yasiyopona, sisi tunaona kwamba risasi ya daktari wa mifugo ndani ya kambi, mbele ya saisi anayemfahamu, ni wema kuliko soko.

Akipatikana mlezi, farasi asikabidhiwe mikono mitupu. Aende na cheti chake cha chanjo, ile ya pepopunda ikiwamo, na tarehe ya mwisho ya kukatwa kwato. Aende na magunia ya chakula alichozoea, ili kichanganywe na kipya kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi hivi. Aende na saisi wake, akae naye siku mbili tatu, amwonyeshe mlezi upande ambao farasi hupenda kufikiwa na jina analoitikia.