Bonde la Watu wa Kupanda na Kushuka

Tarehe 1 Januari 2009, vijiji sita vya jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, viliunganisha halmashauri zao zikawa moja. Ayer, Chandolin, Grimentz, Saint-Jean, Saint-Luc na Vissoie sasa vinaitwa Anniviers, jina la bonde lenyewe tangu enzi. Wakazi hawafiki 3,000, ingawa eneo lao ni la kilomita za mraba 240 na ushei, nyingi zikiwa miamba, barafu na malisho ya milimani. Katika makaratasi ya serikali, muungano huo ni hesabu za bajeti na utumishi. Ninavyoamini mimi, watu wa bonde hili walikuwa wamekwisha kuungana karne nyingi kabla ya hapo, na kilichowaunganisha ni safari.

Mji wa Sierre uko chini, kando ya mto Rhône, kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Chandolin iko karibu mita 2,000. Zabibu hustawi chini. Katikati ilipandwa rai, nafaka ya jamii ya ngano inayostahimili baridi, na huko juu hakuna kinachoota ila majani ya ng'ombe. Hapakuwa na mahali pamoja palipoweza kulisha familia mwaka mzima. Kwa hiyo kila familia ilikuwa na kipande cha shamba kila mahali, ikahama kufuata kazi.

Majira ya baridi yaliwakuta kijijini, ng'ombe wakila majani makavu zizini. Theluji ilipoanza kuyeyuka huko bondeni, mwezi Machi, nyumba zilifungwa, baghala wakapakiwa mizigo, na kijiji kizima kikashuka Sierre kupogoa na kupalilia mizabibu. Padri alikwenda nao, na mwalimu pia, kwa kuwa watoto hawakubaki nyuma. Huko Sierre walikuwa na mitaa yao na nyumba zao. Baada ya hapo walipanda tena kulima, kisha wakahamia kwenye vibanda vya nusu ya mlima, ambako ng'ombe walilishwa kwa wiki chache kabla ya kupelekwa malisho ya juu kabisa. Kiangazi kilikuwa cha kukata na kukausha majani. Vuli ikawashusha tena Sierre kuvuna zabibu, na kabla theluji haijaziba njia walikuwa wamekwisha kurudi juu.

Maisha ya namna hiyo hayawezekani kwa mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo naona chimbuko la desturi zao nyingi. Ng'ombe wa wenyeji wengi walichungwa pamoja chini ya wachungaji wa kuajiriwa. Maziwa ya kila ng'ombe yalipimwa, na msimu ulipokwisha jibini iligawanywa kwa kadiri ya kipimo hicho. Mkate wa rai uliokwa katika tanuri la kijiji mara chache tu kwa mwaka, ukahifadhiwa mpaka ukawa mgumu wa kukatwa kwa nguvu. Mirathi nayo iligawanywa sawa kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, hata nyumba moja ya mbao ikawa na wenyewe wengi, huyu chumba, yule nusu ya ghala. Maghala hayo yangalipo, yamesimama juu ya miguu ya mbao, na juu ya kila mguu limelazwa jiwe bapa la kuwazuia panya. Mbao zake zimechomwa na jua zikawa nyeusi, na kwa macho yangu hakuna jengo jipya bondeni linaloyafikia kwa uzuri.

Ng'ombe wao ni wa aina ya Hérens, wafupi, wenye vifua vipana na rangi ya kahawia iliyokoza au nyeusi. Majike wa aina hii hupigania ukubwa bila kuchochewa na mtu. Kila Juni, makundi yanapokutana malishoni, hugongana vichwa hadi mmoja akubalike kuwa malkia, na tangu hapo huyo ndiye anayetangulia kundi. Mwenye malkia huheshimika kijiji kizima. Nimeona watu wakidharau desturi hii kama mchezo wa watalii. Wanakosea, maana kundi lisilo na kiongozi halitulii malishoni, na mchungaji anajua hivyo kuliko yeyote.

Mizabibu ya Sierre haikuwa ya familia tu. Kila kijiji kilikuwa na jumuiya ya wazawa, yenye mashamba, misitu na malisho yake. Shamba la jumuiya hulimwa kwa msaragambo, na wanaolima hufuatana na wapiga filimbi na ngoma, jambo linaloonekana hadi leo. Divai nyeupe ya mashamba hayo ilipandishwa milimani, ikatiwa katika mapipa ya mbao kwenye ghala za chini. Mapipa hayo hayamalizwi: kinachotolewa hujaziwa kwa divai changa zaidi, ya kale na ya sasa zikachanganyika humo humo. Grimentz wanalo pipa la mwaka 1886, linaloitwa pipa la Askofu. Mgeni wa heshima huonjeshwa palepale ghalani, mbele ya pipa.

Uhamaji ulipungua mwanzoni mwa karne ya 20, kiwanda cha aluminiamu kilipofunguliwa Chippis, chini ya bonde, na wanaume wakapata mshahara. Bwawa la umeme la Moiry likakamilika 1958, barabara zikaboreshwa, na michezo ya theluji ikaleta wageni. Njia za juu, hata hivyo, hazikufa. Tangu 1974 zinapitiwa na mbio za Sierre-Zinal, kilomita 31 za kupanda na kushuka kutoka kwenye mizabibu, kupitia Chandolin, hadi kijiji cha Zinal, na wakimbiaji wa Kenya wamo miongoni mwa wanaotamba humo.

Halmashauri moja inakusanya kodi na kuendesha shule. Jumuiya za wazawa hazikuvunjwa, na kila moja ina mali yake na ghala lake la divai. Uzawa haupatikani kwa kuhamia. Hurithiwa, au jumuiya ikupokee. Wasiwasi wangu hauko hapo. Uko kwenye nyumba za mapumziko, ambazo madirisha yake hufungwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 katika kila halmashauri, na Anniviers ilikuwa imekwisha kuvuka kiwango hicho kwa mbali. Kura ile ilizuia zisiongezeke. Zilizokwisha kujengwa zipo, na kijana wa Grimentz au Saint-Luc anayetaka kuoa na kubaki kwao anatafuta nyumba katikati yake.