Takhmisi na Nazira: Mwitiko wa Washairi wa Kiuzbeki kwa Ghazali za Navoiy

Baada ya Alisher Navoiy kufariki mjini Herat mwaka 1501, ghazali zake za Kichagatai zilibaki kuwa kipimo cha umahiri kwa washairi wa Kiuzbeki waliomfuata. Waliziitikia hasa kwa njia mbili. Katika nazira, mshairi huchukua mizani, vina na kiitikio cha mtangulizi wake, kisha hutunga ghazali yake bila kuazima mshororo hata mmoja. Haya ni mashindano ya wazi, na mwamuzi ni msikilizaji aliyeihifadhi ghazali ya kwanza. Navoiy mwenyewe aliwajibu hivyo Nizami Ganjavi na Amir Khusrau alipotunga Khamsa (1483–1485).

Takhmisi ni kazi nzito zaidi. Mishororo miwili ya kale hubaki kama ilivyo, na mtunzi mpya huitangulizia mitatu yenye kina cha ule wa kwanza. Umbo hili si geni kwa Waswahili: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitakhmisi utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo.

La kuzingatia ni mpangilio huo. Maneno mapya hutangulia, ya kale hufuata. Ogahiy wa Khiva (1809–1874) alipotakhmisi ghazali za Navoiy, hakuandika ufafanuzi wa kuambatishwa mwishoni. Alitunga chanzo, na maneno ya Navoiy yakawa matokeo yake. Kwa njia hiyo lalamiko la mpenzi laweza kusomeka kama lalamiko la mja kwa Mola wake, ilhali hakuna neno la kale lililoguswa. Katika ubeti wa mwisho, lakabu ya Ogahiy hutangulia ya Navoiy kwa mishororo michache tu, ingawa karne tatu zinawatenganisha. Kuuita utunzi wa namna hii uigaji mtupu ni kuusoma nusu.

Nodira wa Kokand (1792–1842) alirithi msamiati uleule wa firaki. Lakini baada ya mumewe, Amiriy, kufariki mwaka 1822, firaki ya kimapokeo ikawa kilio cha mjane.

Erkin Vohidov alipochapisha Yoshlik devoni mwaka 1969, tatizo lilikuwa jingine. Hati ya Kisiriliki, iliyoanza kutumika mwaka 1940, haionyeshi urefu wa irabu ambao arudhi huutegemea. Mizani ilibidi ipatikane kwa sikio, na ghazali za kale zilikuwa bado zikiimbwa katika shashmaqom.