Mashine Kuukuu: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kufungua Mfuko

Mtu avukaye Makupa kutoka kisiwa cha Mombasa, akielekea Changamwe, hupita Kibarani. Zamani wengi walipajua mahali hapa kwa harufu yake, maana palikuwa na jaa kubwa la taka za mji mpaka lilipofungwa mwaka 2018, kisha pakapandwa miti na nyasi. Daraja jipya la Makupa nalo lilifunguliwa mwaka 2022. Juu ya barabara hiyo hupita malori yatokayo bandarini, na mara nyingine nyuma ya lori utaona trekta imefungwa minyororo, au injini ndogo zimepangwa safu kama magunia. Si mpya hizo. Zimekwisha kufanya kazi Japani, Uingereza au kwingineko, nazo zaja huku kuanza maisha ya pili.

Kusudi la makala haya ni kumsaidia mkulima mwenye eka tatu, nne au kumi, ambaye amejiwekea akiba kidogo na moyo wake watamani mashine. Kununua mashine iliyokwisha tumika si jambo la aibu. Mara nyingi ni busara. Lakini pana kununua, na pana kununuliwa, na mtu asiyeangalia hujikuta yeye ndiye aliyenunuliwa.

Jamaa yangu mmoja alifanya kazi ya ukarani miaka mingi, akalipwa kiinua mgongo chake, akarudi katika shamba lake la eka nne upande wa Kaloleni. Aliona trekta iliyopakwa rangi nyekundu ing'aayo kama sahani mpya. Alipofika kuitazama alikuta injini yake inanguruma tayari, na muuzaji akamwambia, "Sikiliza mwenyewe, mzee wangu." Akasikiliza, akafurahi, akalipa. Hakumwita fundi, kwa sababu alidhani ada ya fundi ni hasara. Mvua za masika zilipoanza, trekta ililima nusu eka, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Fundi alipoifungua alikuta ufa katika chuma cha injini, umezibwa kwa gundi na kufunikwa kwa rangi. Gharama ya kuitengeneza ilizidi nusu ya bei aliyoinunulia. Mvua haimngojei mtu. Watu wa nyumba ile walishika majembe ya mkono, wakapanda mahindi wiki tatu baada ya majirani, na mavuno yao yakawa haba. Karo ya watoto ilikopwa. Jamaa yangu hakuibiwa usiku. Aliibiwa mchana, na mkono wake mwenyewe ndio uliohesabu fedha.

Msomaji asidhani kwamba kosa hili huwapata watu wadogo peke yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Tanganyika. Baada ya vita trekta mpya zilikuwa adimu, kwa hiyo zikanunuliwa zile zilizokuwa zimetumiwa na majeshi, nyingine kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Nyingi ziliharibika upesi. Spea hazikupatikana, mafundi walikuwa wachache, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000, lakini zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulikomeshwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Ikiwa serikali yenye wataalamu na fedha iliweza kuanguka hivyo, mwenye eka nne hana budi kwenda polepole.

Swali la kwanza, basi, si "Nipate trekta gani?" bali ni "Je, nahitaji trekta?" Chukua karatasi na kalamu. Tuseme kulimiwa eka moja kwa trekta ya kukodi ni shilingi 4,000, nawe una eka nne, walima mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 32,000 kwa mwaka. Tuseme tena trekta kuukuu ni shilingi 600,000. Ukigawanya, utaona kwamba fedha hiyo yatosha kukodi kwa miaka 18 na zaidi, nawe hujanunua mafuta wala tairi. Kwa mtu mmoja wa eka nne, hesabu hiyo haifai. Lakini wakiungana watu kumi wenye mashamba kama hayo, ukodishaji wao hufika shilingi 320,000 kwa mwaka, na bei ya trekta hurudi katika miaka miwili hivi, bila kuhesabu mafuta na fundi. Hapo pana jambo la kuzungumza, mradi wawe na daftari, mweka hazina mwaminifu, na dereva mmoja anayejulikana. Trekta inayoendeshwa na kila mtu haina mwenyewe.

Mara nyingi chombo kidogo humfaa mkulima kuliko trekta. Pampu ya maji yaweza kumpa mboga wakati wa kiangazi, wakati bei sokoni ni nzuri. Lakini fahamu ya kuwa pampu ya juu ya ardhi haivuti maji kutoka kina kisicho na mwisho. Kwa kawaida yafika mita saba hivi, basi. Kisima chako kikiwa na kina cha mita 15 hadi kwenye maji, pampu ya namna hiyo, hata ikiwa mpya kabisa, haitakuletea tone. Pima kisima kwa kamba kabla ya kwenda dukani.

Iko tena injini ya mashine ya kusaga unga. Injini za Lister, zilizotengenezwa mji wa Dursley, Uingereza, zinajulikana sana vijijini kwetu kwa magurudumu yake mazito na mlio wake wa polepole. Ile ya nguvu za farasi sita huzunguka mara 650 tu kwa dakika, na kwa sababu hiyo hudumu sana. Nyingine zinazofanana nazo zimetengenezwa Rajkot, India. Hizo si mbaya kwa kuwa ni za kuigiza, lakini zikague vizuri zaidi, maana kazi ya kila kiwanda si sawa.

Trekta ndogo za kutembea nyuma yake, kama zile za Kubota, Yanmar na Iseki, hufaa mabonde ya mpunga na udongo mwororo. Katika udongo mgumu uliokauka huruka-ruka, na mwendeshaji hurudi nyumbani na mabega yanayouma. Fahamu pia kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Japani wenyewe. Maandishi yake ni ya Kijapani, na spea za namna nyingine hazipatikani hapa kwa urahisi.

Nilimwuliza fundi mmoja mzee wa Kibarani, ambaye mikono yake haijatoka katika oili tangu ujana wake, aniambie aangaliavyo trekta. Alicheka, akasema, "Bwana Karani, rangi haisukumi jembe. Mimi naanza kwa kuweka mkono juu ya injini. Ikiwa ina moto kabla sijafika, najua wamenificha kitu." Maana yake ni kwamba injini mbovu huwaka kwa shida ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike.

Baada ya hapo alinifundisha kuutazama moshi. Moshi kidogo wakati wa kuwasha si kitu. Lakini moshi wa buluu usiokoma waonyesha kwamba injini inachoma oili, yaani ringi au silinda zimekwisha. Moshi mweusi sana waweza kuwa chujio la hewa limeziba au nozeli ni mbovu, jambo ambalo mara nyingi latengenezeka. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ipatapo moto waweza kuwa maji yameingia ndani. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi kama chai ya maziwa, maji na oili vimechanganyika, nawe funga mfuko wako. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta, kisha iwashwe. Maji yakitoa mapovu bila kukoma, yamkini gasketi imepasuka. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto, maana maji yake yatakuunguza uso.

Mwambie muuzaji afunge jembe, aliinue, kisha aache lining'inie. Likishuka upesi, mkono wa kuinulia umechoka. Shafti ya nyuma, ile inayoendesha mashine nyingine kwa mizunguko 540 kwa dakika, nayo izungushwe mbele ya macho yako. Tikisa magurudumu ya mbele uone kama yanacheza. Tazama tairi za nyuma, kwa kuwa bei ya jozi moja yaweza kumshangaza mtu. Saa ya kuhesabu kazi ya injini yaweza kuchezewa, lakini pedali zilizolika hazisemi uongo.

Jambo la spea ni kubwa kuliko uzuri wa mashine. Massey Ferguson 135, iliyotoka kiwandani tangu mwaka 1964, bado yapendwa na wengi kwa sababu injini yake ya Perkins yafahamiwa na mafundi wengi na vyuma vyake vyapatikana. Kabla ya kununua mashine yoyote, nenda dukani uulize bei ya chujio, ringi na pampu ya dizeli. Muuza duka akikuna kichwa, nawe kuna chako.

Mwisho ni karatasi. Trekta hapa Kenya huandikishwa, na namba zake huanza kwa herufi KT. Hakikisha kwamba kitabu cha umiliki ni cha yule anayekuuzia, na kwamba namba za injini na za chasi ni zile zilizoandikwa. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali zinazohamishika, liko daftari la serikali la kuonyesha kama mali imewekwa rehani. Tafuta humo, usije ukalipia deni la mtu mwingine. Hata vyuma chakavu vina sheria yake, ya mwaka 2015. Mwezi wa Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, ikaruhusiwa tena mwezi wa Mei. Nunua kwa mwenye leseni, na udai risiti.

Jamaa yangu aliuza trekta yake kwa bei ya chuma. Mwaka uliofuata alimchukua yule fundi mzee, wakaenda pamoja kutafuta pampu. Walikataa tatu, wakanunua ya nne, ambayo rangi yake ilikuwa imebambuka. Ada ya fundi haikufika hata sehemu moja ya kumi ya bei. Sasa anauza mchicha na bilingani mjini, na karo hulipwa kwa wakati. Nilipomtembelea, pampu ilikuwa chini ya kibanda cha makuti, imefunikwa gunia ili isipigwe na hewa ya chumvi. Rangi hajaipaka mpaka leo.